Kokoto ya Tano

Mji ule haukuwa na asubuhi wala usiku. Ulikuwa na alasiri tu, ndefu, ya rangi ya chai iliyopoa, na mtu akitaka kujua ni saa ngapi ilimbidi aende Nyumba ya Majina, maana huko ndiko saa ilikopigiwa kura. Wajumbe kumi na saba walinyoosha mikono, mikono ikahesabiwa, na wakisema ni saa tisa basi ikawa saa tisa, hata kama wewe ulikwisha kula, ukalala, ukaamka na ndevu. Msiwacheke. Na sisi tuna mambo yetu tuliyoyakuta yamekwisha kupigiwa kura, tukadhani yaliumbwa hivyo.

Kupanga saa ilikuwa kazi ndogo ya Nyumba ile. Kazi yake kubwa ilikuwa kutenganisha. Binadamu hurudia mambo: hufagia, husali, hucheza kamari, hupenda, huchungulia kioo kidogo cha mfukoni kuona kama bado yupo. Katika marudio hayo, yapi ni maisha na yapi ni maradhi? Jibu lilikuwa katika Daftari Kuu, na njia ya kulifikia ilikuwa maswali saba. Kila ulipojibu ndiyo, kokoto moja iliangushwa katika bakuli la shaba. Ukifikisha kokoto tano wewe ni mgonjwa: unapewa kitanda, dawa, huruma ya watu, na jina la ugonjwa wako, ambalo utaitwa nalo tangu hapo, huku jina ulilopewa na wazazi likifungiwa kwenye droo. Ukiwa na kokoto nne wewe ni mzima. Na kama u mzima na bado unafanya hayo unayoyafanya, basi wewe ni mkorofi tu, na wakorofi walipelekwa kwenye uwanda wa chumvi, ambako wengi hawakurudi, na waliorudi hawakuwa na la kusema. Mtu wa aina ya tatu hakuwepo.

Machano ndiye aliyekuwa mshika bakuli. Aliuliza, akasikiliza, akaangusha au asiangushe. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye mabega mapana yaliyoanza kuinama, na aliamini kazi yake kama mtu anavyoamini sakafu. Mara moja tu aliwahi kumuuliza mkuu wake, Mzee Ngwali, swali lisilokuwemo katika yale saba.

"Mzee, kati ya kokoto ya nne na ya tano kuna nini hasa?"

Ngwali alikuwa na jino bovu lisilopona, na shavuni daima alikuwa na punje ya karafuu, hata chumba kizima kikanuka karafuu kila alipofungua kinywa. Akaisogeza ile karafuu kwa ulimi.

"Kuna kokoto moja," alisema.

Machano aliona jibu hilo linatosha. Hakutikisika hata siku alipokuja yule mcheza kamari mkongwe, aliyelazwa ghorofa ya pili pamoja na watu wa hasira na wizi wa vitu vidogo, akakuta godoro lake limepandishwa ghorofa ya nne, kwa walevi. Wajumbe walikuwa wamepiga kura kwamba kamari ni ulevi usio na chupa.

"Sasa mwanangu, mimi nimepona au nimezidi?" mzee aliuliza.

"Umehamishwa," Machano alimjibu.

Na wale wachungulia vioo, ambao wajumbe walishindwa kukubaliana juu yao, waliwekwa katika Chumba cha Pembeni, si wagonjwa, si wazima, si wakorofi, mpaka uchunguzi ukamilike. Walikaa kwenye mabenchi wakichungulia vioo vyao. Baadhi yao walizeeka humo. Machano aliwapitia kila alipoingia kazini, akawapa salamu, na salamu yake ilirudi kutoka kwenye vioo, si kwenye nyuso.

Aliporudi nyumbani, alimkuta dada yake mlangoni.

Saumu alimlea Machano tangu akiwa mchanga wa kubebwa. Mama yao alitoka alasiri moja, jino likimuuma, kwenda kwa majirani kuomba karafuu, na hakuonekana tena. Hilo ndilo pekee Machano alilolijua juu ya mama. Saumu alikuwa na miaka tisa wakati huo. Alimpikia uji, akamfulia, akamfundisha kuhesabu kwa maharage, na katikati ya yote hayo alikuwa akifungua mlango. Alikwenda, akaweka kiganja chake juu ya ubao, akasukuma, mlango ukalia kwa bawaba zake kavu, akatazama nje, akafunga. Akarudi kwenye sufuria. Kabla uji haujachemka alikwisha kwenda tena. Utotoni Machano alidhani ndivyo wanawake wote wanavyopika.

Lakini miaka ilivyokwenda, kama ilikwenda, kufungua kukaongezeka. Kifundo cha mkono wa Saumu kilivimba kikawa kama muhogo. Alikula amesimama. Alilala kwa vipande vidogo vidogo. Siku moja Machano alizipaka bawaba mafuta ya nazi, angalau majirani wapumzike na ule mlio, na aliporudi akamkuta dada yake amepiga magoti anazisugua kwa majivu mpaka zikaanza kulia tena.

"Kwa nini, Da Saumu?"

"Usiuguse mlango wangu, Machano. Nakuomba."

Kisha ikaja barua ya mtaa. Bi Mize wa nyumba ya pili na wenzake walisema wamechoka. Kabla ya kura tatu za saa kupita, Saumu alete cheti kwamba ni mgonjwa, la sivyo ahesabiwe mkorofi. Machano aliisoma mara mbili. Aliuona uwanda wa chumvi, mweupe, usio na nyumba hata moja, na dada yake amesimama katikati akinyoosha mkono uliovimba kusukuma kitu ambacho hakipo. Aliogopa. Nasema waziwazi kwa kuwa yeye mwenyewe hakumwambia mtu: aliogopa kama mtoto anayeachwa mara ya pili.

Akampeleka Nyumba ya Majina.

Ngwali aliketi nyuma ya Daftari, ameshika shavu. Saumu alikaa kwenye kigoda, kanga mbili, uso umetulia. Mbele yake Machano alishika bakuli, na kwa mara ya kwanza shaba ile ilikuwa baridi mikononi mwake.

"Je, unalifanya jambo hili zaidi ya ulivyolifanya zamani?"

"Zaidi."

Kokoto.

"Ukizuiwa, unataabika?"

"Nataabika sana."

Kokoto.

"Umeacha mambo mengine kwa ajili yake?"

Saumu alifikiri. "Nilichumbiwa mara mbili. Wa pili alisubiri sana, maskini."

Kokoto.

"Limekudhuru, na bado unalifanya?"

Akanyanyua mkono wake uliovimba. Kokoto ya nne.

"Umewahi kulificha, au kusema uongo juu yake?"

"Nifiche nini, mdogo wangu? Mlango wenyewe unalia mtaa mzima unasikia."

Hakuangusha kitu.

"Unapolifanya, unapata raha?"

"Raha? La." Alitikisa kichwa kana kwamba ameulizwa jambo la aibu kidogo. "Hakuna raha pale."

Likabaki swali la saba.

"Umejaribu kuacha ukashindwa?"

Saumu alimtazama. Alikuwa na namna yake ya kumtazama tangu zamani, ile ya kupima kama mtoto ana homa.

"Sijawahi kujaribu," alisema. "Sijawahi kutaka."

Kokoto nne. Nne ni uwanda wa chumvi. Machano alisimama na kokoto ya tano katikati ya vidole, na chumba kikawa kimya hata karafuu ilisikika ikitafunwa. *Kokoto ni jiwe. Jiwe halisemi kitu. Mlio wake kwenye shaba ndio unaosema. Nani anausikia? Mimi. Nani anauhitaji? Mimi. Kama mtu hajawahi kutaka kuacha, je, huyo ni mzima kabisa au ameliwa mpaka hakubaki wa kutaka? Daftari halisemi. Daftari limeandikwa na watu waliokuwa na haraka ya kwenda kula. Vidole vyangu. Dada yangu. Nyeupe ile chumvi. Nyeupe.* Vidole vikaachana.

Shaba ikalia.

"Machano," Saumu alisema taratibu, "hilo sikulisema."

"Tano," alisema Ngwali, akaandika.

"Mzee, mimi sikusema hivyo. Huyu ni mdogo wangu, anaogopa, nimemlea mimi namjua..."

"Wagonjwa wa namna hii hukana," Ngwali alisema bila ubaya wowote, akiendelea kuandika. "Hilo nalo ni dalili."

Hapo ndipo Machano alipoelewa kitu alichokitenda kwa watu wengi bila kukiona. Baada ya kokoto ya tano, dada yake hakuwa tena mtu anayesema jambo. Alikuwa jambo linalosemwa. Akilia ni dalili, akicheka ni dalili, akinyamaza wataandika kwamba amenyamaza. Jina lake, Saumu, liliingizwa kwenye droo, na kwa kuwa ugonjwa wa namna yake haukuwemo katika Daftari, wakautungia jina: Ufunguzi. Akaondoka amewekwa mkono begani na wauguzi wawili. Hakugeuka nyuma.

Tiba ya maradhi ya kurudia ilikuwa moja, kumwondolea mtu kile anachokirudia. Wakaja maseremala wa Nyumba wakaung'oa mlango, bawaba na yote, wakaubeba. Ukawekwa katika ukumbi wa maonyesho, nyuma ya kioo, na karatasi chini yake. Machano alirudi nyumbani akakuta fremu tupu, na alasiri imeingia ndani mpaka jikoni.

Jina jipya lilipobandikwa nje ya Nyumba, watu walisimama kulisoma. Mwanamume mmoja alisoma, akakaa chini. Alikuwa na desturi ya kufua shati la mkewe aliyekufa, kila wiki, likiwa safi. Nyuma yake mwanamke aliyekuwa akiita watoto wake wakubwa waliokwisha kuhama, kwa majina, wakati wa kula. Nyuma yao mwingine, na mwingine. Mstari ukatoka uani, ukazunguka soko, ukarudi ukajikuta. Machano aliuliza, akaangusha, akauliza, akaangusha, na karibu wote walifika tano bila msaada wake. Alimkuta hata Bi Mize katika mstari, ameinamisha uso. Kokoto zikaisha, wakatumia kokwa za tende.

Wajumbe wakaingia kikao. Walisema jina linalomwenea kila mtu halimfai yeyote, na kwamba vitanda havitoshi. Mikono ikanyooshwa: tisa walitaka Ufunguzi ufutwe, wanane ubaki. Ukafutwa. Ule mstari mrefu ukatawanyika ukiwa mzima, kila mtu na chake, bila kumtazama mwenzake usoni.

Saumu akaletwa getini. Alikuwa ameingia na nywele nyeusi, akatoka nazo nyeupe, ingawa kwa hesabu ya kura ilikuwa alasiri ileile. Mkononi alikuwa na cheti. Machano aliutazama uchovu wote uliokuwa usoni pake, kisha akakisoma cheti, akitarajia kuona kwamba amepona. Kilisema: *Hajapata kuugua.*

"Na mtaa?" aliuliza kwa hofu.

"Mtaa utasema nini?" Saumu alijibu. "Wote walikuwa mstarini."

Basi uwanda wa chumvi ulikuwa umeondoka. Machano alitaka kufurahi. Alimshika dada yake mkono wakaenda polepole mpaka nyumbani, na pale nje ya fremu tupu Saumu akasimama. Hakuingia. Aliunyoosha mkono, kiganja wazi, akasukuma hewa. Mkono ukapita. Akaurudisha, akasukuma tena, mkono ukapita tena, na uso wake ukaanza kuvunjika mbele ya Machano, taratibu, bila sauti.

"Nitaleta fundi," Machano alisema haraka. "Tutatengeneza mwingine, Da Saumu. Mzuri zaidi."

"Mwingine si ule."

"Mlango ni mlango, dada."

"Ule ndio aliobisha."

Alimwambia pale pale wamesimama nje. Katika mji ule, kama mnavyojua au msivyojua, adabu ya hodi ilikuwa kali kuliko sheria. Mtu alibisha mara tatu. Asipojibiwa aliondoka, hata kama nyumba ni yake, na kwenye mlango ule hakurudi tena, kwa kuwa kutojibiwa mara tatu ni kuambiwa kwamba hapa huna mtu.

"Mama alirudi," Saumu alisema. "Ile ile alasiri. Wewe ulikuwa umelia mpaka umekuwa mwekundu, nimekubembeleza, ndiyo kwanza umefumba macho. Nikasikia hodi. Nilimjua. Nikasema nikifungua, mlango utalia, mtoto ataamka. Acha abishe tena. Akabisha tena. Nikasema bado hodi moja, mtoto alale vizuri kidogo tu. Akabisha ya tatu. Nikakulaza kwenye mkeka, nikaja kwa ncha za vidole, nikaufungua kidogo kidogo usilie. Hakuwepo. Ilibaki harufu ya karafuu tu."

Machano alihisi maji yanamtoka machoni na hakuyafuta.

"Mbona hukusema? Pale kwa Ngwali, mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza."

Ni kweli. Katika maswali saba hapakuwa na hata moja lililouliza kwa nini. Alikuwa amewauliza maelfu ya watu mara ngapi, kiasi gani, tangu lini. Na dada yake alikuwa amekaa maisha yake yote akirekebisha alasiri moja, akifungua mlango unaolia, kwa nguvu, ili safari hii usikike, hata mtoto akiamka. Mtoto mwenyewe alikuwa yeye. Usingizi uliomfanya mama yao aondoke ulikuwa wake.

Hakufikiri zaidi. Aliingia katika fremu, akageuka kuelekea mtaani, akajinyoosha mpaka bega moja likagusa nguzo ya kulia na kisogo kikagusa kizingiti cha juu. Mabega yake yalienea vizuri.

"Pita ndani kwanza," alisema. "Kisha sukuma."

Saumu akaushusha mkono. Akajipenyeza ndani. Machano akajifunga nyuma yake. Baadaye kidogo akahisi kiganja mgongoni, kile kiganja kilichomsugua kwa sabuni utotoni, kikisukuma. Akageuka kwa kisigino kimoja, na kutoka kooni akatoa mlio mrefu, mkavu, wa bawaba zilizosuguliwa majivu. Saumu akatazama nje. Akamvuta, akamfunga, akarudi kwenye sufuria yake. Alisikika akipumua.

Machano hakwenda kazini tena. Alifunguliwa, akafungwa, akafunguliwa. Miguu ilivimba. Bi Mize alipita na ndoo, akatazama, akaendelea na njia yake. Mara nyingine Machano alisahau kwamba aliwahi kuwa na kazi nyingine, na mara nyingine alikuwa mtoto juu ya mkeka akisikiliza mlango ukilia, akijizuia asilie naye. Hakuwa na furaha. Lakini alijua yuko wapi, na hilo lilikuwa kubwa kuliko lolote alilowahi kuwapa wale watu wa Chumba cha Pembeni.

Habari ikafika Nyumba ya Majina kwamba yuko mtu mtaani amekuwa mlango. Mzee Ngwali akaja mwenyewe, bakuli kwapani, kokoto saba katika mfuko wa kanzu, shavu limevimba. Alisimama mbele ya Machano uso kwa uso.

"Machano. Nimekuja kukuuliza."

Mlango haujibu. Machano alitazama mbele, juu ya kofia ya mzee.

Ngwali alisubiri. Alikuwa mtu mzima aliyelelewa, na hata kazi ya kuita watu wagonjwa haikumtoa adabu. Alisogeza karafuu kwa ulimi, akakohoa.

"Hodi," alisema.

Ndani kijiko kiliacha kugonga sufuria.

"Hodi," alisema tena.

Machano alisikia nyayo zikija, si kwa ncha za vidole, zikija kwa kishindo, mbio, kiti kikaanguka. Mzee alifungua kinywa kwa mara ya tatu, na kabla neno halijakamilika kiganja kilitua mgongoni mwa Machano kwa nguvu zote za mwanamke yule. Akageuka. Akalia kwa sauti kubwa kuliko zote alizowahi kulia, mlio ukaenda mpaka mwisho wa mtaa.

Saumu alisimama kwenye kizingiti, nywele nyeupe, kijiko mkononi. Harufu ya karafuu ilimpiga usoni.

"Karibu, mama," alisema. "Karibu ndani. Mtoto akiamka na aamke, nitambembeleza tena."

Ngwali alimtazama. Akamtazama Machano. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeshika kokoto, na mtu angeweza kuhesabu ndani ya kanzu vidole vikizipitia moja baada ya moja, kwa kuwa hapo palikuwa na dalili za kutosha kwa Daftari zima. Kisha akainama. Aliliweka bakuli chini, akavua makubazi yake, akayapanga kando ya bakuli.

"Nimekaribia, mwanangu," alisema, akaingia.

Sauti zilisikika kutoka jikoni, kiti kikiinuliwa, uji ukipakuliwa, Saumu akiuliza kama jino bado linauma. Mara alicheka. Machano hakuwahi kumsikia dada yake akicheka, na moyo ukamwenda mbio kwa furaha, na furaha ikachelewa kidogo tu kabla ya kugeuka kitu kingine.

Alikuwa bado wazi. Alisubiri kile kiganja kije kumvuta kumfunga. Alisubiri uji ukaliwa, ukaisha, vyombo vikaoshwa. Kiganja hakikuja, na hakikuwa na sababu ya kuja tena. Angeweza kutoka katika fremu sasa. Hapakuwa na kitu kilichomshika. Alijaribu kuinua mguu mmoja. Akajaribu tena, akashindwa. Chini yake bakuli la shaba lilikuwa tupu, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.